Kocha Aliyekataa Kumpanga Lwitiko

Hadithi hii nimetumiwa na mtu anayeipenda timu yake kupita kiasi, nami nakutumia wewe kwa sababu hiyo hiyo. Ukiimaliza, usikae nayo peke yako.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, mji wa baridi na mashamba ya viazi, kulikuwa na timu ya mpira iliyoitwa Radi. Haikuwa timu kubwa. Uwanja wake ulikuwa na jukwaa moja tu, tena la mbao. Lakini siku Radi inapocheza nyumbani, soko lilifungwa saa nane mchana, na mwenye arusi siku hiyo alijua kabisa kwamba wageni wake watachelewa.

Mashabiki wa Radi walikuwa na kijiwe chao katika saluni ya kinyozi mmoja aliyeitwa Obadia Mlowe. Obadia ndiye alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Hakuwa na ubaya na mtu, ila alikuwa na ulimi. Akitunga wimbo asubuhi akiwa ananyoa, jioni mji mzima unauimba.

Kocha wa timu alikuwa mtu wa Bukoba, jina lake Rwechungura. Alikuja na mke wake na binti yao wa miaka kumi na miwili, Kokushubira. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Mwaka wake wa kwanza aliipandisha Radi daraja. Siku ile watu walimbeba mabegani kutoka uwanjani hadi sokoni, na Obadia alikuwa mmoja wa waliombeba.

Mwaka wa pili mambo yaligeuka. Mechi saba zilipita bila ushindi hata mmoja.

Kufungwa ni kufungwa, watu wangevumilia. Kilichowachoma ni Lwitiko. Huyu Lwitiko Mwasomola alikuwa mshambuliaji, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ambaye msimu uliopita alifunga mabao kumi na tisa. Sasa kila mechi alikuwa amekaa benchi, kavaa nguo za mazoezi, hana bandeji wala hachechemei. Kocha hamwingizi hata timu ikifungwa. Redio ya mji ikimwuliza sababu, Rwechungura anajibu vilevile kila wiki.

"Ni uamuzi wangu. Lawama nazibeba mimi."

"Anamwonea kijana wivu," alisema Gidioni, mwuza nyama, akiwa kwenye kiti cha kunyolewa. "Kijana anapendwa kuliko yeye. Basi."

"Wivu wa nini, bwana? Huyo mpira umeshamshinda," mwingine akadakia.

Obadia hakubisha. Alichukua yale maneno, akayatungia wimbo. Baada ya siku tatu wimbo ule uliimbwa sokoni, stendi, na hata kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Mechi ya nane, Radi ikiwa imeshafungwa mabao matatu, Obadia alipanda juu ya ukingo wa jukwaa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Rwechungura, ondoka!" Jukwaa zima likaitikia. Wakaimba mpaka filimbi ya mwisho. Kocha alikaa kimya, mikono juu ya magoti. Pembeni yake Lwitiko alikuwa ameinamisha kichwa, na watu wakasema, mwoneni kijana wa watu, uchungu wa kutochezeshwa.

Jumatatu kamati ikamfukuza kocha. Msaidizi wake naye akajiuzulu siku hiyo hiyo. Saluni kwa Obadia ilikuwa shangwe.

Shangwe ile haikumaliza hata saa moja. Mlangoni alisimama mwenyekiti wa klabu, Mama Kiwovele, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Yeye peke yake katika kamati ndiye aliyekataa kocha afukuzwe. Watu walinyamaza kama wako darasani.

"Obadia," alisema, "kocha mpya atafika baada ya wiki mbili. Jumamosi tuna nusu fainali ya Kombe la Wilaya, na kombe lile halidai cheti cha ukocha. Miezi yote hii umetuambia timu ipangwe vipi. Sasa ipange."

Watu wakacheka. Obadia naye akacheka, kisha akaona mama yule hacheki.

"Mama, mimi ni kinyozi."

"Najua. Nakuomba mara moja tu. Unakubali au hukubali?"

Angekataaje, na tawi zima linamtazama? Akakubali.

Kesho yake alikwenda mazoezini. Alichukua karatasi, akaandika majina kumi na moja, na jina la kwanza kabisa lilikuwa la Lwitiko. Alipomwambia, kijana aliitikia kwa kichwa tu, akasema, "Sawa, mzee." Obadia alidhani ni adabu. Jumatano akatangaza redioni kwamba Lwitiko ataanza, na mji ukachangamka kama umeshashinda kombe.

Alhamisi mchana simu yake ikaita. Alikuwa Rwechungura.

"Bwana Mlowe, habari za kazi. Samahani kwa usumbufu. Nakuomba usimpange Lwitiko."

"Mwalimu, wewe umeshafukuzwa."

"Ni kweli, nimefukuzwa. Usimpange."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia. Nenda ukamwulize mwenyewe. Nenda peke yako. Tafadhali, Bwana Mlowe, nenda leo."

Simu ikakatika. Obadia alirudi kwenye kichwa cha mteja. Alijiambia kwamba ni chuki ya mtu aliyeshindwa. Lakini ile sauti haikuwa ya mtu mwenye chuki. Ilikuwa ya mtu anayeogopa. Akamaliza kunyoa, akafunga saluni, akaenda.

Alimkuta Lwitiko uani kwenye nyumba aliyopanga, anasugua viatu vyake vya mpira kwa brashi. Obadia akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kocha wako wa zamani amenipigia. Amesema nikuulize kwa nini usicheze."

Brashi ikasimama. Kijana aliviweka viatu chini, machozi yakaanza kumtoka, bila sauti.

"Siku moja mazoezini niliona giza," alisema. "Nikaanguka. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, tulibaki mimi na kocha tunafanyia kazi mashuti. Akanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari akasema moyo wangu umetanuka. Akasema nisikimbie kabisa mpaka nionwe na daktari bingwa Dar es Salaam, na tarehe niliyopewa ni mwezi ujao. Akasema nikicheza, naweza kuanguka nisiamke."

Obadia aliisogeza ndoo karibu naye.

"Kaka yangu alikufa hivyo hivyo, mzee. Alianguka shambani, haumwi chochote. Mama mpaka leo hajakaa sawa. Nilimwambia kocha, mama akisikia hili kabla bingwa hajasema neno, ataondoka yeye kabla yangu. Nilimwapisha. Asimwambie mtu, hata kamati. Yeye ndiye aliyesema nikae benchi, watu waone nipo, wasianze kuuliza nimekwenda wapi. Akaniambia, wewe kaa, mengine niachie mimi."

"Na mimi nimekupanga, ukasema sawa!"

Lwitiko alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilichoka, mzee. Kila Jumamosi nakaa pembeni yake, nasikia anavyotukanwa kwa ajili yangu. Anaweza kujiokoa kwa neno moja, halisemi. Walipomfukuza nikaona haina maana tena. Nikasema nicheze tu. Likitokea la kutokea, yaishe."

Obadia alikuwa na watoto wanne. Alimtazama yule kijana, akaona jinsi alivyokuwa mdogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Kocha. Na sasa wewe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nakuomba."

Hakuhitaji kumaliza. Obadia alimpa mkono, akaapa.

Jumamosi uwanja ulijaa tangu saa saba. Timu zilipoingia uwanjani, watu walihesabu wachezaji wa Radi, wakahesabu tena. Lwitiko alikuwa benchi, amevaa nguo za mazoezi. Mwanzoni watu walidhani ataingia kipindi cha pili. Kipindi cha pili kikaanza, hakuingia. Dakika ya themanini wageni wakapata bao.

"Obadia!" Ilikuwa sauti ya Gidioni, rafiki yake kwa miaka ishirini. "Wamekununua?"

Kisha ukaanza wimbo. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, neno kwa neno, wamebadilisha jina tu. Obadia hakuwahi kujua unasikikaje ukiwa umekaa kule chini. Juu jukwaani ulikuwa mzaha na raha ya kuwa wengi. Chini ulikuwa unaingia mgongoni kama mvua ya mawe. Aliona mwanawe wa kike, ambaye kila mechi alikaa mstari wa mbele na kitambaa cha Radi shingoni, ananyanyuka kimya kimya na kuondoka uwanjani.

Alitaka kusimama, awageukie, awaambie kila kitu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lwitiko alikuwa anatetemeka pembeni yake.

"Tulia, mwanangu," Obadia alimwambia. "Wanaimba tu."

Radi walifungwa bao hilo moja, wakatolewa. Mtangazaji wa redio akamfuata na kinasa sauti. "Mwenyekiti, ulituahidi Lwitiko. Kwa nini hukumwingiza?"

Obadia alitafuta jibu lake mwenyewe, akalikosa.

"Ni uamuzi wangu," alisema. "Lawama nazibeba mimi."

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Rwechungura. Familia ile ilikuwa bado mjini, ikisubiri binti amalize mitihani ya muhula. Masanduku yalikuwa sebuleni yamefungwa kamba. Rwechungura alimkaribisha kiti, akamwomba mke wake awaletee chai. Obadia alikishika kikombe bila kunywa.

"Mwalimu, neno moja lingekuokoa. Kwa nini hukulisema?"

"Neno lile halikuwa langu," Rwechungura alijibu. "Lilikuwa la kijana."

"Nilikutungia wimbo."

"Naujua. Una mahadhi mazuri." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini usinifanye malaika, Bwana Mlowe. Mechi mbili nilikosea kweli. Ile ya ugenini nilipanga mabeki vibaya, na mlikuwa na haki ya kukasirika. Mtu akiniambia nimekosea mpira, hiyo ni kazi yangu, nasikiliza. Ila binti yangu hakukosea mpira."

Obadia akainua macho.

"Shuleni walimwimbia wimbo ule kila mapumziko. Sasa hataki kwenda. Mama yake anamsindikiza mpaka mlangoni mwa darasa, afanye mtihani, kisha anamrudisha."

Obadia aliweka kikombe chini. Aliomba aitiwe mtoto ili amwombe radhi. Rwechungura akaingia chumbani, akakaa kitambo, akatoka peke yake.

"Amesema leo hapana," alisema. "Tumsamehe. Bado ni mtoto."

Jioni ile saluni ilikuwa na watu kumi tu, na hao kumi walikuja kutaka maelezo. Obadia alisimama mbele yao kama mshitakiwa.

"Sina la kuwaeleza," alisema. "Nina la kuwaomba. Mwalimu Rwechungura anaondoka Ijumaa. Tukamuage."

"Tukamuage kwa lipi?" aliuliza Gidioni. "Mechi nane bila ushindi!"

"Tulifungwa, sikatai. Nauliza, miaka hii miwili, hatukuona kitu kingine?"

Mmoja, fundi wa baiskeli, alisema kwamba baba yake alipofariki kocha alileta timu nzima msibani, na yeye mwenyewe alishika koleo kaburini. Mwingine akakumbuka siku wachezaji walipotaka kumpiga mwamuzi, kocha akasimama katikati akapigwa yeye. Mama mmoja aliyeuza vitumbua uwanjani akasema kwamba kabla yake wachezaji walikuwa wanakunywa mchana kweupe, na sasa hawanywi. Yalikuwa mambo ambayo wote waliyajua. Hakuna aliyekuwa ameyataja miezi yote ile.

Hata hivyo, Ijumaa walikwenda watu watatu tu. Gidioni hakwenda.

Mwezi uliofuata Lwitiko alionwa na daktari bingwa. Jibu lilikuwa kwamba ataishi, akinywa dawa na kuangaliwa, ila mpira basi. Alirudi akamwambia mama yake mwenyewe, ana kwa ana. Mama hakufa. Alilia siku mbili, siku ya tatu akauliza ni nani aliyemzuia mwanawe asicheze.

Ndiyo maana kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa Radi, mama yule alikuja. Alisimama mbele ya ukumbi, ameshikwa mkono na Lwitiko, na kijana akasimulia yote tangu siku alipoanguka. Mama akasema maneno machache tu.

"Mwanangu mmoja nilimzika. Huyu yupo hai kwa sababu mtu alikubali kutukanwa na ninyi. Na mimi pia niliimba ule wimbo. Niliuimba jikoni kwangu."

Gidioni alikuwa amefunika uso kwa kofia yake. Kisha akanyanyuka, akaenda aliposimama Obadia. Obadia akamshika bega.

Hapo ndipo Mama Kiwovele aliposema jambo ambalo Obadia mwenyewe hakulijua.

"Siku tuliyomfukuza," alisema, "Mwalimu Rwechungura aliniomba kitu kimoja kabla hajatoka ofisini. Hakunieleza sababu. Alisema, 'Jumamosi mpe timu Obadia Mlowe.' Nikamwuliza, huyo huyo anayekutukana? Akasema, 'Anayepiga kelele vile anaipenda timu kuliko sisi wote. Akikabidhiwa jambo zito, atalibeba. Namwamini.'"

Obadia alikaa chini. Watu waliokuwa karibu naye wanasema alilia kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyemnyamazisha.

Pale pale ukumbini wakapiga simu, wakaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Rwechungura alikuwa kwao Bukoba, anafundisha mpira katika shule moja ya sekondari. Jambo la kwanza aliuliza hali ya Lwitiko. Alipoambiwa, akashusha pumzi, na ukumbi mzima ukaisikia ile pumzi.

"Rudi, mwalimu," Gidioni alisema kwa sauti iliyokatika. "Tumekosa. Rudi, tutakupokea njia panda."

"Nimewasamehe," Rwechungura alijibu. "Nilishawasamehe siku nyingi. Ila kurudi siwezi. Nikiutaja mji wenu mezani, binti yangu anaacha kula."

Simu ilikatwa kwa salamu na heshima, na watu wakatoka ukumbini mmoja mmoja, bila hata ule utani wa kawaida mlangoni.

Obadia bado ananyoa, na saluni yake bado ni kijiwe cha mashabiki wa Radi. Wanabishana kama zamani, kocha aliyepo wanamkosoa kama kawaida, maana mpira bila kukosoa hauna utamu. Lakini tangu mwaka ule hajatunga tena wimbo juu ya mtu. Na kila baada ya miezi michache huandika barua kwenda Bukoba, juu yake ameandika jina la Kokushubira. Mpaka hadithi hii inanifikia, ameshaandika barua sita. Hajajibiwa hata moja, na anaendelea kuandika.

Funzo: Kosoa kazi ya mtu kwa yale unayoyaona, lakini usimvunjie heshima kwa yale usiyoyajua, huenda amenyamaza ili kumlinda mwingine, na siku utakapoujua ukweli utaweza kuomba msamaha, ila hutaweza kuyarudisha maneno yako mdomoni.